Breki ya Mtumba Iuzwe na Ukweli Wake

Nani kati yetu hajawahi kutumwa Gerezani kule Dar es Salaam, au barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, kutafuta taa, kioo cha pembeni au hata injini nzima iliyotoka Japani?

Magari mengi tunayoendesha yalitumika huko kwanza, ndipo yakashuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa. Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani wao uko kulia kama wetu, na spea zao zinakaa kwenye magari yetu bila ugomvi mkubwa. Biashara hii imesomesha watoto na kujenga nyumba. Imewafikisha wengi kazini kwa bei wanayoimudu. Hatuna sababu ya kuionea haya.

Leo naomba tukae kidogo kwenye kona moja ya biashara hiyo, kona inayopendwa sana na vijana: breki kubwa za mbio zilizotumika. Nazungumzia zile kalipa nene za rangi nyekundu au ya dhahabu zinazochungulia nyuma ya rimu ya Subaru, na diski pana zinazokwenda nazo.

Mapenzi haya hayakuanza jana. Safari Rally imetulea. Colin McRae alishinda Kenya mwaka 1997 akiwa na Subaru Impreza. Richard Burns akashinda mwaka 1998 akiwa na Mitsubishi, kisha mwaka 2000 akiwa na Subaru. Mtoto aliyesimama kando ya njia akila vumbi la magari yale, leo ni baba mwenye Impreza yake au Forester yake. Je, ni ajabu akitamani breki zinazofanana na zile?

Si ajabu, na tamaa yake ina maana. Kati ya mambo yote ambayo kijana anaweza kuongeza kwenye gari, breki nzuri ndiyo tunayopaswa kuifurahia zaidi. Anayetafuta namna ya kusimama vizuri anastahili kusaidiwa.

Ombi langu kwenu ni moja: breki iliyotumika iuzwe na ukweli wake. Muuzaji autoe, mnunuzi auulize, fundi auhakikishe.

Mtu wa tatu

Kwa nini breki peke yake? Kwa nini tusiseme hivyo juu ya redio au bampa?

Redio ikigoma, mwenye gari ataendesha kimya kimya mpaka nyumbani. Bampa likipasuka, litafungwa waya. Lakini breki ikigoma, hasara inaweza kumfikia mtu ambaye hakuwepo dukani siku ile ya mapatano. Anaweza kuwa mwanafunzi anayevuka kwenye pundamilia, mwendesha bodaboda aliyesimama kwenye taa, au mama aliyepanga nyanya zake kandokando ya barabara.

Huyu mtu wa tatu hakukubaliana na bei wala hakuiona kalipa ikigeuzwageuzwa mezani. Hata hivyo maisha yake yamo ndani ya biashara ile. Basi sisi tunaokuwepo tumwakilishe. Kila tunapouza, kununua au kufunga breki, tujiulize: huyu naye angekuwa amesimama hapa, angetaka tuseme nini?

Breki kubwa inafanya kazi gani?

Tuelewane kwanza juu ya jambo hili, maana bei nyingi hupandishwa na kushushwa juu ya jambo ambalo halijaelezwa.

Breki inageuza mwendo wa gari kuwa joto. Ukiongeza spidi mara mbili, joto linalotakiwa kumezwa na breki ili gari lisimame linakuwa mara nne. Gari linalosimama kutoka kilomita 100 kwa saa linazipa breki mzigo mara nne ya lile linalosimama kutoka 50. Diski kubwa na nene inabeba joto hilo bila kuchoka upesi, na kalipa yenye pistoni nne inazibana pedi kwa usawa zaidi. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na utaiona unapofunga breki tena na tena, kama vile kwenye mteremko wa Kitonga kule Iringa au ule wa Mai Mahiu nchini Kenya.

Lakini kinachoshika barabara ni tairi. Tairi likiwa limelika, hata breki ya gari la mashindano itakuburuza tu. Na kwenye mteremko mrefu, gia ndogo inabaki kuwa rafiki wa kwanza wa dereva, awe na breki kubwa au za kawaida.

Kwa hiyo, kijana wangu, kabla hujafungua pochi, jiulize: shida yangu ni joto, au ni pedi zilizokwisha, tairi zilizochoka na mafuta ya breki yaliyozeeka? Mara nyingi gari la nyumbani linalopewa pedi mpya nzuri, mafuta mapya ya breki na tairi zenye meno husimama vizuri kabisa. Muuzaji atakayekuambia hivyo, hata kama amekosa kukuuzia kalipa leo, mshike huyo. Ndiye wa kurudi kwake kesho.

Wewe muuzaji

Ndugu yangu muuzaji, najua mzigo hukufikia ukiwa umechanganyika. Umefungua kontena, au umenunua gari lililokatwa nusu, na ndani yake kuna kalipa ambazo hukuzifungua wewe. Si rahisi kuijua historia ya kila kipande. Lakini yale unayoweza kuyajua ni mengi kuliko tunavyodhani.

Chukua kalipa moja uiweke mezani. Tazama ule mpira mwembamba unaozunguka kila pistoni kuzuia vumbi. Je, ni mzima, au umechanika na kuganda? Ukiwa umechanika, yaelekea maji na mchanga vimeshaingia, na pistoni imeanza kushika kutu. Jaribu kuirudisha pistoni ndani kwa kifaa cha kubania, taratibu. Ikikataa, au ikiingia upande upande, kalipa hiyo inahitaji kufunguliwa na kuwekewa mipira mipya kabla ya kumkabidhi mtu kama breki.

Kisha tazama ile skrubu ndogo ya kutolea upepo. Imevunjika kichwa? Inazunguka? Kalipa ambayo haiwezi kutolewa upepo haina kazi kwenye gari, hata ing'ae namna gani. Pitisha kidole kwenye matundu ya boliti: meno yake yakoje?

Geuka upande wa diski. Diski nyingi zina maandishi madogo, pembeni au kwenye kofia yake ya katikati, yanayotaja unene wa chini unaoruhusiwa. Pima kwa kipimo cha milimita pale ambapo pedi inapita. Ule ukingo wa nje usiuamini, maana pedi haiufikii na hubaki mnene siku zote. Unene ukiwa umeshuka chini ya ulioandikwa, au ukiona ufa unaofika ukingoni, diski hiyo imemaliza safari yake.

Sasa andika. Kipande cha karatasi na waya vinatosha. Taja gari ilikotoka, kulia au kushoto, mbele au nyuma, unene wa diski uliopima leo, na kile kinachohitaji kubadilishwa. Ukiwa hujui ilikotoka, andika "haijulikani". Je, karatasi hiyo itakupunguzia wateja? Atakayeisoma ataona unauza unachokifahamu, naye ataleta rafiki zake.

Nakuomba mambo mengine matatu madogo. Usipake rangi kalipa kabla ya mnunuzi kuiona ilivyo. Rangi ni nzuri, lakini ije baada ya ukaguzi. Uza kwa jozi, kulia na kushoto pamoja, kwa kuwa gari lenye breki tofauti kwenye ekseli moja litavuta upande. Na zile pedi zilizokuja na kalipa kutoka ng'ambo usizihesabu kwenye bei. Huwezi kujua zililoweshwa nini au zilichomwa namna gani.

Jina lililoandikwa juu yake

Hapa tuseme neno juu ya majina, kwa sababu jina hubeba bei.

Brembo ni kampuni ya Kiitaliano iliyoanzishwa mwaka 1961, na breki zake zimefungwa kiwandani kwenye baadhi ya magari ya Kijapani. Mitsubishi Lancer Evolution ya tano, ya mwaka 1998, ilikuja nazo. Impreza nyingi za STI za miaka ya 2000 zilikuja nazo vilevile. Kwa hiyo ni kweli kabisa kwamba Brembo halisi inaweza kutoka kwenye gari la Kijapani lililovunjwa.

Lakini zipo pia kalipa za kawaida zilizopakwa rangi nyekundu na kubandikwa jina. Yapo hata makava ya plastiki yanayofunika kalipa ndogo ili ionekane kubwa. Kama mtu anataka urembo na amejua ni urembo, hilo ni lake. Tatizo linaanza pale urembo unapobeba bei ya breki, na mwenye gari akaongeza spidi akiamini amebadilisha kitu.

Je, unauza kava? Sema ni kava. Unauza kalipa ya kawaida iliyopakwa rangi? Sema hivyo. Neno moja la kweli hapo linaweza kumfanya dereva apunguze mwendo mahali ambapo angeukaza.

Wewe mnunuzi

Nawe mnunuzi usimwachie muuzaji kazi yote. Nenda dukani ukilijua gari lako. Soma kibati kilichoko chini ya boneti chenye namba ya modeli, kisha ipige picha. Jua ukubwa wa rimu zako. Breki za Brembo za STI kwa kawaida zinahitaji rimu ya inchi 17. Kwenye rimu ndogo zaidi kalipa itagusa. Zile kalipa za Subaru za pistoni nne zenye diski ya milimita 294 zinaweza kukaa ndani ya rimu ya inchi 16. Umbo la rimu nalo lina neno lake, kwa hiyo jaribu kabla ya kulipa.

Hesabu pia matundu na nafasi zake. Impreza STI ilibadilisha mpangilio wa nati za magurudumu mwaka 2005, kutoka duara la milimita 100 hadi 114.3. Diski ya gari la baada ya hapo haitakaa kwenye habu ya gari la kabla ya hapo, ingawa zote zinaitwa Subaru. Na upande wa nyuma kuna jambo ambalo wengi hulisahau: kwenye magari hayo breki ya mkono imefichwa ndani ya diski ya nyuma, kwa hiyo ukibadilisha diski hakikisha viatu vya breki ya mkono vinaendana nayo. Hutaki kugundua hilo umeegesha mlimani.

Halafu panga bei nzima. Bei ya kalipa ni mwanzo tu. Weka kando pesa ya pedi mpya, mipira ya pistoni, mafuta ya breki, na mabomba ya mpira kama ya zamani yana nyufa. Weka na ya fundi. Ukikuta pesa yote imekwishia kwenye kalipa, subiri mwezi mwingine. Breki iliyofungwa nusu ni mbaya kuliko ile ndogo uliyokuwa nayo.

Na tukiwa kwenye mapatano, tupunguziane bei kwa kiasi. Tunapombana muuzaji mpaka mwisho, kinachokatwa kwanza ni ule muda wake wa kupima na kueleza. Je, hilo ndilo tunalotaka akate?

Wewe fundi

Fundi, wewe ndiwe wa mwisho kulishika gari kabla halijarudi barabarani. Neno lako lina uzito kuliko la sisi wengine, na tunakutegemea.

Unajua tayari kwamba kalipa ikifungwa upande usio wake, skrubu ya kutolea upepo hukaa chini badala ya juu, upepo ukabaki ndani na pedeli ikawa laini. Unajua kwamba mafuta ya injini au ya usukani hayaingii kwenye breki hata kwa dharura, kwa sababu huvimbisha mipira na kuiharibu. Wafundishe hayo vijana walio chini yako, maana wao hujifunza kwa kukutazama.

Wakumbushe na wateja juu ya mafuta ya breki. Haya mafuta hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Kwa kipimo cha chini kinachotakiwa, mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishakunywa maji, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Yakichemka katikati ya mteremko, mvuke unaingia kwenye bomba na mguu unazama mpaka chini. Mteja akilalamika kwamba kumwaga mafuta yanayoonekana safi ni hasara, mweleze hivyo kwa upole. Kwa magari mengi, kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni desturi nzuri, nasi wa pwani, kwenye hewa nzito ya unyevu, tusiichelewe.

Ukishafunga, usimwachie mteja aijaribie breki mjini. Nenda naye mahali patulivu. Mwonyeshe jinsi ya kuzizoesha pedi na diski: kufunga breki kwa kiasi mara kadhaa kutoka spidi ya wastani, na kuziacha zipoe kati ya mara moja na nyingine. Dakika hizo chache ni sehemu ya kazi, na ni haki yako kuzilipisha.

Linda na mapafu yako. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo wa kompresa. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Watoto wako nyumbani wanakuhitaji kwa miaka mingi ijayo.

Na ukikataa kufunga kipande kibovu, usione umepoteza mteja. Mwambie, "Mzee, hiki sitakifunga, na sababu yangu ni hii hapa." Mwonyeshe ufa, mshikishe kutu. Mtu akiona kwa macho yake, mara nyingi hashindani.

Sisi wa nyumbani na kazini

Huenda unasoma ukisema, mimi si muuzaji wala si fundi, gari lenyewe sina. Je, una mahali kwenye wito huu? Unapo.

Mzazi, kijana akija na furaha kwamba amepata breki za mbio, furahi naye kwanza. Kisha muulize: diski zimepimwa? Pedi ni mpya? Nani amefunga, na mlijaribia wapi? Swali la mama mezani huenda mbali kuliko kipeperushi.

Wewe unayesimamia magari ya ofisi, weka siku ya kukagua breki kwenye kalenda, na dereva anayeripoti pedeli laini mshukuru mbele ya wenzake. Akishukuriwa yeye, kesho ataripoti mwingine.

Walimu wa ufundi katika vyuo vya VETA na gereji zinazopokea wanagenzi, kalipa zilizokufa ni vitabu vya bure. Ziombeni madukani. Zikateni katikati ili mwanafunzi aone pistoni, mpira wake na njia ya mafuta. Akishaiona ndani mara moja, hataisahau.

Na vile vipande vilivyomaliza safari, je, viende wapi? Diski yenye ufa iende kwa wanunuzi wa chuma chakavu, lakini kwanza ichoreni kwa grinda mstari mkubwa usiofutika. Tukiitupa nzima nzima nyuma ya gereji, itaokotwa na mtu mwenye shida, itasafishwa, na wiki ijayo itakuwa mezani tena ikitafuta mteja.

Tuanze wapi?

Hakuna jambo kati ya haya linalohitaji sheria mpya wala mkutano mkubwa. Tunasaidiana kila siku, tunakopeshana spana, tunasukumiana magari mvuani. Wema upo. Nimeomba tu tuupeleke mpaka kwenye meza ya breki.

Wiki hii, muuzaji, tundika karatasi yenye maelezo kwenye jozi moja tu ya kalipa, uone wateja watakavyoipokea. Mnunuzi, piga picha kibati cha gari lako na uandike ukubwa wa rimu zako kwenye simu. Fundi, chagua gari moja lililo mikononi mwako na umwonyeshe mwenyewe hali ya mafuta yake ya breki. Na sisi wengine, tumuulize mtu mmoja tunayempenda: mara ya mwisho breki zako zilikaguliwa lini? Akijibu kwamba hakumbuki, twende naye kwa fundi Jumamosi hii.